Mwaka Tulioikaribisha Baridi Muhumba

Zawadi alipofika kwangu mwaka jana alikuwa amevaa sweta. Yeye ni mtu wa Luvungi, kwenye joto la bonde la Ruzizi, na huko ndiko alikorudi kulima mpunga na kulea watoto wake tulipomaliza masomo. Aliposhuka kwenye gari hapa Bukavu, saa sita mchana, jua likimeremeta juu ya ziwa, jambo la kwanza alilosema kabla hata ya kunisalimu lilikuwa, "Nabintu, mji yenu ingali friji!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alikuja kwa harusi ya mjukuu wake, akalala kwangu juma zima, na kila tulipomaliza kula tulibaki mezani, chai ikipoa vikombeni, tukirudia habari za mwaka mmoja tu, ule tulioishi pamoja mtaani Muhumba nyumbani kwa Mamzele, mwalimu wetu. Mimi nasema jambo, yeye ananikatiza. Yeye anaigiza sauti ya mtu, mimi namsahihisha. Binti yangu, aliyekuwa akitoa vyombo, akatuuliza, "Ba maman, ule mwaka ilikuwa na miezi ngapi?" Swali lake lilinibaki. Nimeishi miaka mingi, mingine imenitoka yote kabisa, lakini huu mmoja nikiugusa tu unafunguka, na harufu yake, na sauti za watu wake.

Tulikuwa wasichana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, na nchi iliitwa Zaïre. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamefutwa. Niliingia sekondari nikiitwa Klementina, na siku moja mwalimu akatuambia kila mmoja aende kwao akaulize jina la mababu, nami nikarudi darasani nikiwa Nabintu. Masista waliojenga shule yetu walikuwa wameondolewa kwenye uongozi, na mahali pao alikaa mkuu mpya tuliyemwita Prefe, mwanamume mwenye sauti nzito na abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, ambaye kila asubuhi alitusimamisha uwanjani tuimbie Chama, chama pekee cha nchi, na kucheza kabla ya somo la hesabu. Tuliambiwa kwa vipaza sauti kwamba tumerudi kwenye asili yetu, na jambo hilo liliitwa otantisite. Mimi nilicheza vizuri sana, nikapigiwa makofi, na ya asili yangu sikujua hata moja; lakini hilo sikuliona bado. Septemba, mvua za kwanza zilipofika na upepo wake, paa la bweni likang'oka upande mmoja, mabati yakaokotwa kwenye bustani za majirani. Wasichana waliotoka mbali tukagawanywa kwa walimu. Mimi, Zawadi, na Nsimire wa Nyangezi tukapewa Mamzele.

Sote tulimwita hivyo, Mamzele, kwa kuwa hakuwa na mume na jina lake la kweli lilitushinda ulimi. Alifundisha Kiingereza, na alitoka Irlandi, kisiwa ambacho sisi tulidhani ni mtaa fulani wa Uingereza, mpaka siku alipotusikia tukisema hivyo mezani. Siku hiyo chakula kilipoa kabisa kabla hajamaliza kutueleza. Alikuwa mrefu, uso wote madoadoa, nywele nyekundu kama udongo wa barabara ya Walungu. Kiswahili alikuwa amejifunza sokoni Kadutu, kwa wamama wa mboga, kwa hiyo alijua kubishana bei kuliko alivyojua kusalimia wakubwa, na mara nyingine alitukana kidogo, kwa upole, bila kujua kwamba anatukana.

Nyumba yake ilikuwa moja ya zile nyumba za wakoloni zinazoteremka kuelekea ziwani, kuta nene, sakafu ya mbao iliyolalamika kila ukipita. Sebuleni kulikuwa na kitu ambacho Zawadi alikipenda kuliko watu: mahali pa moto ndani ya ukuta, na bomba la moshi juu yake, kama Wabeleji walivyojijengea kwa sababu ya baridi yetu. Zawadi alihamia hapo siku ya kwanza. Alisomea hapo, alisukia nywele hapo, na tulipomtafuta tulianza kwa kuangalia majivuni. Kuni zilikuwa za mkaratusi, na mpaka leo mtu akichoma mkaratusi karibu nami najiona tena na vitabu mapajani, nguo zikinuka moshi na sabuni ya kipande. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vilivyosogezwa vikawa kimoja, na dirisha lililotazama maji; ng'ambo tuliiona Rwanda, milima juu ya milima. Tulipika kwa zamu. Zamu ya Zawadi tulikula bugali na ndakala, wale dagaa wetu, zenye pilipili ya kutoa machozi. Zamu yangu, maharage. Zamu ya Mamzele tulikula viazi, na Zawadi alizoea kuuliza kwa adabu kubwa, "Mamzele, leo viazi gani?" kana kwamba viko vya namna nyingi.

Zamu ya Nsimire ilikuwa ngumu. Alipika vizuri kuliko sisi sote, kisha akaketi mbele ya sahani yake asile. Mama yake alikuwa amefariki katika likizo kubwa, kwa ugonjwa wa siku chache, na yeye alirudi shuleni akiwa kama mtu aliyeacha masikio yake mahali. Ukimwita anakuja, ukimuuliza anajibu neno moja. Baba yake alikuwa katekista huko Nyangezi, mtu anayeheshimiwa, mwenye ng'ombe wachache na watoto wadogo wengi. Siku moja tukiosha vyombo, Nsimire akaniambia bila kunitazama, "Toussaint, siku ya Watakatifu Wote, papa anakuja kunichukua. Nitabaki nyumbani kuangalia wadogo." Nikamuuliza, "Na masomo?" Akasema, "Masomo imeisha." Akaendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Alikuwa wa kwanza darasani tangu nimfahamu. Nikachukua kitambaa nikaifuta sufuria.

Ilikuwa Oktoba katikati, alasiri ya mvua, sote tumezunguka moto. Zawadi alikuwa amevaa sweta mbili na kitenge juu. Akalalamika kama kawaida kwamba Bukavu itamuua, Mamzele akacheka, akasema, "Wewe haujaona baridi. Kwetu baridi ikifika jua inalala saa kumi. Bahari inapiga kelele. Hii mwezi ikiisha tunafanya fete ya kupokea baridi." Tukamwangalia. Mtu anafanyaje sherehe ya kupokea baridi? Akataja jina la sherehe hiyo, neno la lugha ya bibi yake, ambalo masikioni mwetu lilisikika kama sauin. Zawadi akasogea mbele. "Savon? Fete ya savon? Mamzele, munafanyia sabuni fete?" Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu mjini, kwa hiyo jambo hilo lilituingia akilini. Mamzele alicheka mpaka akajikausha macho kwa shali yake, na tangu hapo, hata yeye mwenyewe, haikuitwa jina lingine nyumbani mwetu ila Fete ya Savon.

Akaanza kutueleza. Alisema kwa watu wa kale wa kwao mwaka ulianza gizani, sio kwenye mwanga. Wakati wa joto wachungaji walikaa na ng'ombe juu milimani, na majani yalipoanza kukauka waliwashusha wote, wakawapitisha kati ya mioto miwili ili moshi uondoe magonjwa, kisha mwaka ukahesabiwa umezaliwa. Alisema kuna bikizee wa baridi, uso wa buluu, anayetembea milimani na fimbo, na pale anapoigonga chini udongo unakuwa mgumu kama jiwe. Zawadi akasema bikizee huyo anamfahamu, anapita kila asubuhi penye bomba la kuogea. Tukacheka, na katikati ya kicheko hicho tukasikia sauti ya Nsimire, chini, lakini wazi. "Hizo ngombe zinashuka na ndama zao?"

Mamzele hakugeuza kichwa haraka. Akamjibu kana kwamba wamekuwa wakiongea muda wote. "Na ndama zao. Zile ndogo sana, watu wanabeba mabegani."

"Zinaitwa majina?"

"Kila moja. Baba yangu alikuwa na moja, jina yake Nyota, na alikuwa anaiambia siri yake."

"Papa yangu pia," Nsimire akasema. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, akatueleza jambo refu, habari za ng'ombe wao mwenye pembe zilizoelekea chini, anayekataa kukamuliwa na mtu ambaye hakumwimbia. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na bado sijui njia bora ya kumfungua mtoto kuliko ile niliyoiona jioni hiyo: kumwambia habari za nyumbani kwenu mpaka naye akumbuke kwamba ana kwao.

Kisha Mamzele akafika mahali ambapo mimi niliona ameharibu. Alisema usiku ule mlango kati ya walio hai na waliokufa hauna komeo. Wafu wa nyumba wanarudi kuota moto, kwa hiyo watu wanaweka kiti na sahani ya chakula, na wanatoboa macho na midomo kwenye mizizi mikubwa, wanatia mshumaa ndani na kuiweka mlangoni. Nsimire akasimama akatoka chumbani. Mamzele akajishika mdomo. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Baada ya muda akarudi, akabaki amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Mutu akizikwa mbali," akauliza, "atajua njia ya kufika huku?"

"Ndiyo maana ya ile taa," Mamzele akajibu. "Yeye hatafuti njia. Anatafuta taa."

Nsimire akafikiri. "Basi tutaiweka juu sana," akasema. "Yeye hakuwahi kufika Bukavu."

Jambo la namna hiyo halikai siri katika shule ya wasichana. Zawadi alimwambia mmoja, huyo akawaambia wote, na kabla ya juma kuisha habari ilikuwa imefika kwa Prefe kwamba mzungu wa Kiingereza anawafundisha watoto kuita mizimu kwa kutumia sabuni. Nilijua kwamba akikasirika angeweza kumrudisha Mamzele kwao kwa barua moja, na sisi kututafutia nyumba nyingine. Siku alipomwita, mimi nilikuwa nimetumwa kuchukua chaki katika chumba kilicho karibu na ofisi yake, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao. Nikazichagua chaki polepole sana. Waliongea Kifaransa, lakini mimi maneno yao nayakumbuka kwa Kiswahili chetu.

"Mamzele, hii fete yako ni ya Kanisa?" Prefe akauliza. "Unajua fete za Kanisa hazina nafasi tena mu masomo."

"Hapana, Prefe. Ni ya zamani, mbele Kanisa ifike. Mapadri walikuta watu wanaifanya, wakaweka Toussaint juu yake."

Nikasikia kiti kikisogea. "Unasema mapadri walifika hata kwenu? Wakawakatalia mambo ya mababu?"

"Walijaribu. Na wale waliotutawala wakabadilisha majina yetu. Bibi yangu alikuwa na jina moja jikoni na ingine kwa serikali."

"Jina mbili!" Prefe alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kisha meza ikapigwa kofi. "Lakini hiyo ni otantisite! Otantisite ya Irlandi!" Akatoa ruhusa papo hapo. Masharti yake yalikuwa kwamba sherehe ifanywe nyumbani, sio shuleni, na kwamba yeye apelekewe kipande cha mkate wa sherehe hiyo, kwa niaba ya Chama. Nilitoka na chaki nyingi kuliko nilizotumwa, nikakimbia mpaka Muhumba.

Mizizi ya kwao hatukuwa nayo. Tulijaribu boga, likawa gumu, likavunja kisu cha mkate. Zawadi ndiye aliyesema tuchukue mapapai mabichi kwenye mti wa nyuma ya nyumba, na yalipotobolewa na kutiwa mshumaa yakawaka rangi ya kijani na dhahabu, mazuri kuliko chochote nilichowahi kukiona, yakitema utomvu wake na kunuka kama shamba. La Zawadi lilikuwa na meno ya Prefe. La Nsimire halikuwa na meno hata moja, mdomo umefumba, macho yamefunguka sana. Aliliweka juu ya nguzo ya baraza, akapanda kiti ili lifike juu kabisa. Ndani, Mamzele aliponda viazi pamoja na kabichi na kitunguu, akachimba shimo katikati akalijaza siagi. Tulioka mkate mtamu wa kwao. Zabibu kavu hazikupatikana, tukatia ndizi zilizokaushwa. Ndani ya donge akaficha pete ya shaba ya pazia. Akatueleza kwamba atakayeikuta kwenye kipande chake atafunga ndoa kabla ya mwaka kuisha, na Zawadi akaanza kuuzungukia mkate huo akiupima kwa macho, akitafuta upande uliovimba.

Siku yenyewe ilipofika jua likazama nyuma ya vilima, mapapai yakawashwa, tukaketi. Viti vilikuwa vitano kuzunguka meza, na sisi tulikuwa wanne. Mbele ya kiti cha tano Nsimire aliweka sahani, kwanza viazi vya siagi, kisha, pembeni, bugali kidogo aliousonga mwenyewe, kwa sababu alisema mama yake asingeshiba viazi. Tulikuwa bado hatujaanza tuliposikia hatua barazani, nzito, zenye maji, kisha zikasimama. Sauti ya mwanamume ikasema kwa Kimashi, lugha ya kwetu sisi wawili, maneno ambayo Nsimire na mimi tuliyaelewa mara moja: "Hapa ni kwa mwalimu ao kwa mufumu wa mizimu?"

Alikuwa baba yake. Alipata nafasi kwenye lori, akanyeshewa njiani, akaja siku moja kabla ya Toussaint. Aliingia amelowa, kofia mkononi, rozari shingoni, mtu mwembamba mwenye uso mzuri uliochoka. Tulisimama wote. Mamzele akamsalimu kwa ile salamu yake ya sokoni, ambayo si ya kumpa mzee, nami nikatamani sakafu inimeze. Yeye hakuisikia. Macho yake yalikuwa yamehesabu watu, yakahesabu sahani.

"Nani hayuko?" akauliza.

"Ni ya mama," Nsimire akasema.

Maji yalidondoka kutoka kofia yake mpaka kwenye mbao, tone baada ya tone. Akasema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza, "Nyuma ya nyumba ya mama yangu kulikuwa kajumba kadogo ka mizimu yetu. Tuliwawekea chakula hapo. Padri alisema kavunjwe, na mimi, katekista wake, nilikavunja na hii mikono. Mama yangu hakunisemesha siku mingi. Sasa mutoto wangu anaweka sahani mu nyumba ya muzungu." Akamgeukia Mamzele. "Padri anajua?"

"Kesho kutwa ni siku ya Wafu, Papa," Mamzele akamjibu, akitafuta kila neno. "Padri atasoma majina yao. Mimi ninawapatia tu chakula mbele misa ianze."

Akaiangalia tena sahani. Aliuona ule bugali. Nadhani ni bugali uliomshinda, jinsi ulivyosongwa, mviringo, umelainishwa juu kwa kijiko kilicholoweshwa, namna ya mkewe, ambayo hakika aliijua. Akavuta kiti cha jikoni, akaketi karibu na kile kilichokuwa kitupu, akafanya ishara ya msalaba. "Mukule," akasema. "Chakula iko inapoa." Tukala. Mwanzoni tulisikia vijiko peke yake, kisha Mamzele akamuuliza habari za yule ng'ombe anayetaka kuimbiwa, na katekista akaweka kijiko chini, akakohoa, akauimba wimbo wenyewe mwanzo hadi mwisho.

Mkate ukakatwa. Kila mmoja akapewa kipande, naye pia, na Zawadi akakivunjavunja chake chote kwa vidole kabla ya kula, hakukuta kitu, akanuna. Hapo ndipo tukasikia ka! Sauti ndogo, ngumu. Baba yake Nsimire aliacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakifuta kwa leso, akakiinua penye mwanga wa moto.

"Nini hii?"

Mamzele alikuwa mwekundu kupita nywele zake. Zawadi alivuta kola ya sweta ikafunika uso mpaka machoni. Mjane wa miezi michache, na sahani ya mkewe iko pembeni yake! Nilimwomba Mungu ang'oe paa la nyumba hiyo pia. Nsimire ndiye aliyesema, akimtazama baba yake moja kwa moja. "Papa, kwao mwenye kupata pete anaoa mbele mwaka iishe."

Akaitazama pete, akakitazama kiti kilicho kando yake. Mabega yake yakaanza kutikisika, tukajua analia, Mamzele akanyoosha mkono ili amshike. Lakini hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichotoka chini kabisa, cha mtu aliyekisahau. "Mama yako!" akasema. "Ni mama yako ametia hii! Siku zote alikuwa ananiambia, weye, mambo makubwa unaamua ukiwa na njaa. Leo nimekuja kuondosha mutoto wake mu masomo, na yeye ananivunja meno!"

Na Nsimire akacheka. Sijawahi kuusahau mlio wa kicheko kile, maana katika miezi yote hiyo nilikuwa sijausikia na nilikuwa nimeanza kudhani kwamba hana. Alicheka akainama juu ya meza, Zawadi akacheka ndani ya sweta, mimi na Mamzele tukashikana. Katekista akaiweka pete kando ya sahani ya mkewe, akajifuta macho, akasema kwa sauti ya mtu anayemaliza kikao, "Shangazi yako alisema atakuja kukaa na wadogo. Nilimukatalia sababu anasema sana, asubuhi mpaka jioni. Nitavumilia. Weye utabaki hapa." Kisha akaomba kipande kingine cha mkate, lakini hicho alikimega kwanza.

Aliondoka baada ya misa ya siku ya Wafu, peke yake. Prefe alipata kipande chake kimefungwa kwa jani la mgomba, na watu wanasema alikichokoachokoa kwa uma muda mrefu. Nsimire alimaliza wa kwanza shuleni mwaka ule, akasomea uuguzi, akazalisha nusu ya watoto wa Nyangezi, wakiwemo wawili wangu. Baba yake alioa tena, sio mwaka ule, miaka mingi baadaye, mwanamke mnyamavu. Kiangazi kilipofika mkataba wa Mamzele ukaisha, tukamsindikiza watatu, na Zawadi akampa sweta moja, ile nzuri, kwa sababu alisema anakokwenda itamfaa zaidi.

Mimi nilichokipata mwaka ule nilikijua Desemba ile ile ya Fete ya Savon, nilipokwenda likizo kwetu, kwenye barabara ya Walungu. Nyumba ilikuwa imejaa watu na kuku, na bibi yangu, Koko, alikuwa ameketi jikoni na kiko chake cha tumbaku, akimenya maharage mabichi kwenye ungo. Nilikuwa nimeishi karibu naye utoto wangu wote nikidhani ni kama jiwe la kusagia, kitu kilichopo tu. Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua maganda, nikamuuliza, "Koko, zamani mwaka ulikuwa unaanzaje huku kwetu?"

Hakuinua macho. "Nani amekutuma? Ni watu wa Chama? Radio inasema mababu, mababu, kila siku."

"Hapana, Koko. Ni muzungu moja."

Kiko kikatoka mdomoni. "Muzungu!"

"Yeye alituambia habari za bibi yake, mingi, na za ngombe zao. Kisha akaniuliza za kwangu. Sikuwa na kitu ya kumwambia, Koko. Hata moja."

Akauweka ungo pembeni. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama mzigo utamtosha mbebaji. "Nilizania mutakuja kuuliza nikiisha kuzikwa," akasema. "Na mungeuliza sana, nami ningejibu na udongo mu kinywa. Sogea." Akaanza na mbegu za mtama, nani alipaswa kuzishika kwanza na kwa nini usiku wake hakuna aliyelala, akaingia kwenye habari za mvua, na za wafalme, na za mwanamke fulani aliyekwenda kudai moto kwa mizimu akarudi nao. Sufuria iliyokuwa mekoni ikaanza kunuka kuungua, na mama yangu akaingia akipiga kelele, akauliza kama sote wawili tumekufa pua. Koko hakugeuka hata kidogo.

"Ongeza maji," akamwambia, "ukuje ukae. Na weye haukuwahi kuniuliza."